Kilima cha Rwakabuba Kinataka Mtu

Kashojwa, ndani ya kambi ya wakimbizi, ukishawapita mafundi wa pikipiki wa karibu na ofisi za Base Camp, kuna benchi moja ambalo mguu wake wa nyuma umefungwa kwa mpira wa baiskeli. Benchi ni la Perpétue, na kahawa ya tangawizi inayouzwa hapo ni yake, lakini ukiwasikiliza wanaume wanaolikalia tangu asubuhi utadhani yeye ndiye mgeni. Kuna Léopold, anayeitwa Balozi kwa kuwa hakuna mtu anayekwenda kuuliza habari za safari ya kuhamishiwa Ulaya au Kanada bila kupita kwake kwanza, ingawa yeye mwenyewe hajaitwa hata siku moja. Kuna Déo, anayeitwa Valizi, maana valizi yake, sanduku lake la safari, imefungwa tayari na kuwekwa mlangoni. Akitaka shati safi anaazima kwa jirani. Na kuna Barnabé, anayeitwa Fenesi, na hilo jina lina kisa chake. Wote wametoka Kivu ya Kusini, na wote isipokuwa Fenesi, ukiwauliza, wataondoka mwezi ujao.

Asubuhi hiyo Perpétue alikuwa anamimina kahawa huku macho yake yakiwa barabarani. Rwakabuba alikuwa amepiga simu kwamba anakuja. Rwakabuba ndiye mwenye kilima kile cha upande wa pili, nje ya mpaka wa kambi, na chini ya kilima hicho Perpétue amelima maharage misimu mingi kwa kukodi. Msaada wa chakula ulivyopunguzwa, watoto wake watatu walikula kutoka hapo. Sasa kilima kinarudishwa kuwa msitu, na kama mwenyewe akisema shamba lifungwe, basi limefungwa.

— Mama Perpétue, ongeza kiloko, kidogo tu, alisema Valizi akisogeza kikombe. Halafu unieleze muzuri hii mambo ya kulipa mutu juu ya miti.

— Si mambo ya kuficha, alisema Perpétue. Rwakabuba anapanda miti ngumu ya zamani kwa kilima yake. Mivule, misizi, ile ilikuwaka kule mbele batu hawajaikata. Miti inakula moshi ya mafabriki, ile viwanda ya mbali. Benye mafabriki banamulipa juu miti yake inakula moshi yabo. Na nyama za pori zikirudi, banaongeza.

— Apana! Mutu alipwe juu muti inakula? Mimi ninakula kila siku, nani amenilipa?

— Wewe haukule moshi, unautosha mu pua, alisema Balozi, akiionyesha sigara ya Valizi.

Walicheka, na Valizi akaona aibu, na mtu wa kijiweni akiona aibu hanyamazi, anaongeza sauti.

— Munacheka. Mimi ninawaambia, ile hewa bataitia mu bomba. Bomba itatoka kilimani, ipite Mbarara, iende mpaka kwa bahari. Halafu hapa Kashojwa tutapumua nini? Batatuuzia! Utaona mama anakuja na kidumu: nipatie hewa ya watoto.

— Bomba ni kitu kidogo, alisema Fenesi. Mimi ninaogopa nyama. Pori ikirudi, simba anarudi. Na simba haulize kama mutu ni mukimbizi ama ni mwenyeji.

— Simba atoke wapi? Hapa kuna tumbili na kanga tu.

— Batamuleta na gari! Wewe Balozi unajua kila kitu, haujue hiyo?

Balozi alikohoa kama waziri. Alikuwa anangoja hapo hapo.

— Sikilizeni batu ya Mungu. Ile tumbili, mbele iingie mu pori, itapigwa picha. Itatiwa vidole kwa mashini, kama vile tulitiwa sisi. Itapewa namba. Tumbili yenye namba ni tumbili yenye faili. Na mimi ninawaambia, ile faili ya tumbili itapita mbele ya faili zetu. Tutakuwa hapa, tumbili iko Kanada!

Benchi zima lilipasuka kwa kicheko, mguu wa mpira ukalia. Hata Perpétue alicheka. Kisha akaweka birika chini, maana aliona kwamba asiposema sasa hatasema tena.

— Mimi ninataka kumuomba Rwakabuba kitu, alisema. Anipe ile miti niichunge. Ninaacha maharage katikati ya miti, vile mama yangu alifanyaka kule Mwenga. Nikipalilia maharage nimepalilia na muti. Majani hayapate fasi ya kukauka na kubeba moto. Anapata miti, mimi ninabaki na shamba.

Hawakumwangalia yeye. Walimwangalia Fenesi.

Sasa kisa cha jina ni hiki. Barnabé alipofika kambini alipanda mfenesi nyuma ya nyumba yake. Haukupita mwezi, jibu la safari yake likaja: amekataliwa. Watu wakaunganisha moja na moja. Tangu hapo, kona hiyo ya Kashojwa haipandi kitu kisichoiva kwa msimu mmoja. Maharage ndiyo, mahindi ndiyo, mchicha ndiyo. Ukipanda mti, wanasema, umeiambia ofisi kwamba umeshakaa, na faili lako litalala. Mfenesi wenyewe umekua, unazaa mpaka matawi yanainama, na hao hao wanaouogopa wanakuja kuomba mafenesi bila haya hata kidogo.

— Perpétue, alisema Valizi, na sasa hakuwa anacheza. Dada yako Bénédicte anakungoja Kanada. Ulishapita mahojiano. Unataka kujifunga na muti ya mutu mwingine?

— Muti moja tu ilimaliza Fenesi, alisema Balozi. Wewe unataka kilima muzima!

— Muniache, alisema Fenesi polepole.

— Tunasema ukweli!

— Munasema mufenesi yangu. Muniache.

Perpétue alihisi woga ukimpanda, maana naye alikuwa ameamini. Miaka hiyo yote hakupanda hata ua mlangoni. Bénédicte alipomtumia ujumbe kwamba huko anakoishi amepanda mtofaa nyuma ya nyumba, Perpétue alilia, hakujua analilia nini. Na sasa alijua: dada yake alikuwa na ruhusa ya kungoja tunda, na yeye hana. Hasira ikamshika, hasira nzuri ya kumnyoosha mtu mgongo.

— Niwaulize, alisema. Faili yangu iko wapi?

— Iko mu ofisi.

— Inafanya nini?

Balozi alijikuna shingo.

— Basi imelala! Imelala na sijapanda kitu. Imelala bila muti, bila ua, bila kitunguu. Ni muti gani ilienda kuilaza? Fenesi alikataliwa juu alikataliwa. Muti yake haikuandikia mutu barua.

Fenesi aliinua uso, akamtazama kwa muda mrefu. Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo tangu siku ya jibu lile.

Hapo pikipiki ikasimama. Rwakabuba alishuka, mwanamume mnene wa viatu vya mpira, na nyuma ya kiti palikuwa na kreti iliyojaa miche, majani yake yakitetemeka kwa joto la injini. Hakuwahi kukaa kwenye benchi lile. Walisogea kumpa nafasi, mguu ukalia.

— Nyabo Perpétue, agandi? alimsalimu kwa lugha ya wenyeji, yaani mama, habari gani.

— Ni marungi, ssebo, nzuri tu, bwana. Karibu kahawa.

Alikunywa kwanza, kama mtu mwenye adabu. Perpétue akamweleza yote, maharage na miti, bila kuruka neno, na alipomaliza mikono yake ilikuwa imeushika mfuniko wa birika kama vile kuna mtu anataka kumwibia.

— Hiyo akili ni mzuri, alisema Rwakabuba. Mimi nakaa Ruharo, kule Mbarara mjini, na duka yangu iko Nyamityobora, huko huko. Siwezi kuwa hapa kufukuza ng'ombe ya watu kila siku. Na ile kampuni yenye inalipa hii mti ilisema wazi: watakuja kila mwaka kuangalia mti yenye iko hai. Ikikufa, hakuna kitu. Lakini mvule si mahindi, nyabo. Inakaa miaka mingi ndiyo inakuwa mti. Sasa mimi nauliza tu, musikasirike. Mpaka hii mti ikue, nani kati yenu atakuwa hapa?

Wee! Benchi lile ambalo lina jibu la kila kitu, la bomba, la simba, la tumbili wa Kanada, likafa ganzi. Kusema «mimi» ni kusema kwamba hutaitwa. Kusema «si mimi» ni kulifunga shamba la mama wa watu.

Perpétue aliweka mfuniko chini.

— Papa Rwakabuba, hiyo sijue. Mutu akikuambia anajua, anakudanganya, juu hapa hakuna mutu anajua. Lakini kesho asubuhi niko kwa kilima. Kesho kutwa niko. Siku bakiniita, sitaenda mbio. Nitamutafuta mutu, nitamupitisha kwa kila muti, nitamuonesha yenye ng'ombe anapendaka kugusa na yenye inaomba maji. Akishika vizuri, ndio nitapanda ndege. Na siku batu ya hewa bakikulipa, uniangalie na mimi, juu jasho yangu iko mule.

— Utatafuta mutu gani? aliuliza Balozi kwa sauti ndogo.

— Mimi, alisema Fenesi.

Wote waligeuka.

— Anioneshe mimi. Mimi sina valizi. Na kati yenu nani mwingine alishakuzaka muti?

Rwakabuba alicheka, akampa Perpétue mkono, kisha Fenesi.

— Maharage ipande, alisema. Mpaka mti ikue, kivuli ifunge.

— Kivuli ikifunga tutaweka mizinga ya nyuki, alisema Perpétue. Hiyo nimeshaifikiria.

Alisema hivyo kwa utulivu, lakini machozi yalikuwa karibu na hakujali yakionekana. Alisaidiana na Fenesi kuishusha kreti. Benchi lilikuwa fupi na jua lilikuwa kali, kwa hiyo wakaisukuma chini yake, na wanaume wakalazimika kuinua miguu.

— Mama Perpétue, alisema Valizi, magoti yamemfika kidevuni. Ongeza basi.

— Imeisha.

— Na kesho?

Perpétue alikuwa ameshalitoa jembe nyuma ya nyumba yake, analigonga kulitoa udongo wa zamani.

— Kesho kahawa iko kule kilimani, alisema. Mwenye kuitaka akuje na jembe.