Imbeni Hapo Hapo Langoni

Bwana apewe sifa zake, ndugu zangu, kabla sijaanza kukasirika! Mimi ni Nyawira, fundi wa nguo hapa Gatitu. Sare za akina mama wa kanisa mnazoziona hapa mbele, nyingi nimezishona mimi.

Ugonjwa ulinianzia kwenye cherehani. Sindano ilinidunga kidole, damu ikakataa kuganda. Fizi zikaanza kutoa damu, mapaja yakajaa alama nyeusi kama nimepigwa. Hospitalini wakanipima uboho wa ndani ya mifupa, wakakuta hautengenezi damu tena. Kinga yangu mwenyewe ndiyo ilikuwa inaushambulia! Ni kama mbwa wa boma aliyeacha wezi akageukia kuku wa mwenyewe. Dawa ilikuwa ya kumfunga huyo mbwa: ya kwanza ya dripu, inayotengenezwa kutoka kwa farasi, halafu vidonge vya kila siku. Daktari akanionya kwamba kinga ikishushwa, mafua ya mtu mwingine yanaweza kunizika. Nisikae na watu. Nisisalimiwe kwa mkono.

Ndugu zangu, hapo ndipo mlipoanza!

Mlisema dawa gani hiyo ya kuua kinga, lazima Nyawira ana ukimwi anaficha. Mlisema natiwa damu ya farasi. Mlinitumia bitiruti na supu ya mifupa, ati niongeze damu, kana kwamba mtoto wa mkulima wa Tetu ameugua kwa kukosa chakula!

Halafu mkaja huko Tetu, kwa mama yangu, aliyekuwa akiniuguza. Mlikuja kundi zima mkiimba, na mmoja wenu anakohoa. Najua, kwetu mgonjwa asiyeshikwa mkono ni kama ametupwa. Lakini mama alifunga lango.

"Imbeni hapo hapo," akawaambia. "Mungu hana shida ya masikio."

Mwenyekiti wa akina mama akafoka: "Ati mgonjwa gani huyu hawezi wekewa mikono? Hiyo ni kiburi tu! Mwambie atupe hiyo madawa, aamini!"

Mvua ilianza, mama akabaki amesimama langoni mpaka mkaondoka. Mimi nilikuwa dirishani nalia, kwa sababu niliitamani sana hiyo mikono yenu. Nikalia, kisha nikameza kidonge changu.

Mungu alinijibu polepole. Miezi mingi niliishi kwa damu ya watu nisiowajua hata majina, Bwana awabariki! Kisha daktari akaangalia vipimo akacheka peke yake: uboho umerudi kazini! Haleluya! Vidonge bado nameza, na sioni haya. Nani aliwaambia mwenye imani hamezi dawa? Wewe uliye mgonjwa, mtumaini Mungu kwa moyo wako wote, na dawa yako usiitupe. Aliyeniponya ni yeye, na alinipitisha hospitalini.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu, ambaye tangu siku ile hamjamsalimia. Yuko pale nyuma, amekaa benchi nzima peke yake, mnajifanya hamumwoni.

Daktari ameniruhusu sasa kushikana mikono na watu. Naona wengine mmeshaanza kusimama mje mnipongeze. Ngojeni! Hapa leo simpi mtu mkono wangu kabla hajaenda kule nyuma akampa mama yangu wake.