Bi. Ummy na Kona ya Picha ya Tura

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kutunza picha za kale katika makumbusho yetu hapa Tabora, Bi. Ummy Majidi anastaafu tarehe 30 Juni. Anatuachia kabati la picha, pamoja na marufuku yake ya kula karanga karibu nalo.

Kwake hakuna aliyegusa picha kabla ya kuwaamkia waliomo. Mbele ya picha ya wapagazi wa msafara, mizigo wameitua na nyuso zimechoka, alianza mwenyewe: shikamooni. Hata mpagazi mdogo kuliko wote aliamkiwa, maana kwa umri, huyo naye ni babu wa babu zetu. Tulimcheka sana. Baadaye tukajikuta nasi tunaamkia, kwa sauti ya chini, tusije tukasikika.

Mtihani ulikuja tulipoandaa maonyesho ya reli. Picha nzuri kuliko zote ilikuwa ya treni stesheni ya Tura, miaka ya hamsini. Ila konani alisimama mama muuza asali, mtoto mgongoni, anaitazama kamera. Bwana Renatus, msimamizi wa maonyesho, akaagiza kona ikatwe ili treni ikae katikati. Bi. Ummy akagoma. Alisema huyo mama bado hajaamkiwa na mtu, sasa tunamkataje? Kamati ilinung'unika, lakini picha ikatundikwa nzima.

Siku ya pili akaja Mzee Shigela kutoka Tura, ameshikwa mkono na dada yake mkubwa, Bi. Kabula. Dada aliipita treni kwa macho, akafika konani, akapiga magoti. Yule muuza asali alikuwa mama yao. Alifariki Shigela akiwa bado ananyonya, na mzee wa watu hakuwahi kuiona sura yake hata siku moja. Mtoto wa mgongoni alikuwa yeye. Akavua kofia, akasema, "Shikamoo, mama." Hakuna aliyemfundisha. Sote tulilia, na Bwana Renatus akatoka nje kufuta miwani.

Kwa ajili ya ratiba hii ya kumuaga tulitafuta picha ya Bi. Ummy. Miaka yote hiyo, tumepata moja tu: sisi tumejipanga katikati tunacheka, yeye yuko ukingoni, nusu uso, anazuia mlango wa kabati. Ndiyo hiyo hapo juu. Hatukuikata.

Asante, mama yetu. Tunakuombea afya na mapumziko ya raha huko Itetemia. Picha yako tumeitundika kando ya kabati, na kila asubuhi, kabla hatujagusa chochote, tutaanza na wewe: shikamoo.