Siku ya Uji: Maisha ya Janepher Namono, Mpimaji wa Maziwa

Janepher Namono Ouma, ambaye leo tunamzika nyumbani kwake Nakaloke, alizaliwa Alhamisi tarehe 14 Machi 1974 huko Wanale, Mbale. Alikuwa mtoto wa nne kati ya watoto sita wa marehemu Mwalimu Yokana Mafabi na marehemu Mama Loyce Khainza. Alipokuwa na umri wa miaka sita alizaliwa kitinda mimba wa nyumba hiyo, Metrine. Majirani wa wakati ule wanasema kwamba kwa miaka miwili iliyofuata ilikuwa vigumu kumwona Namono bila mtoto mgongoni.

Mama yao alikuwa akihifadhi malewa, yale machipukizi ya mianzi yanayokaushwa kwa moshi, kwenye dari juu ya jiko. Siku moja Namono aliuliza kama malewa yale yalikuwa yamekufa.

“Yamekauka tu,” mama yake alimjibu. “Yatie maji uone.”

Aliyatia maji, akakaa mbele ya sufuria akiyatazama yakivimba na kulainika, mpaka akachelewa shule. Alichapwa viboko viwili na mwalimu wa zamu, ambaye alikuwa baba yake.

Alisoma shule ya msingi Wanale kuanzia mwaka 1981 hadi 1987, kisha sekondari mjini Mbale hadi mwaka 1993. Alipenda sana biolojia na hakupenda riadha. Mwaka 1996 alihitimu stashahada ya ufundi wa maabara jijini Kampala. Picha ya siku hiyo imechapishwa nyuma ya karatasi hii. Viatu alivyovaa ni vya rafiki yake, na ndiyo maana amesimama vile.

Januari 1997 aliajiriwa na kiwanda kidogo cha maziwa huko Jinja, akapanga chumba Mpumudde. Alikitumikia kiwanda hicho kwa miaka ishirini na minane. Kazi yake ilikuwa kupima maziwa yaliyochemshwa na kupozwa, ili ijulikane kama yana vijidudu vya kudhuru watu kabla hayajatoka getini. Alikuwa mkali kuhusu kunawa mikono kiasi kwamba wenzake walimwita Afande, na mwishowe hata wakurugenzi walimwita hivyo.

Wengi wenu mlimsikia akieleza kazi yake, kwa kuwa hakuchoka kuieleza. Alisema kwamba bakteria wakipigwa na joto lisilotosha, au baridi, au chumvi, au ukali wa maziwa yaliyochacha, si wote wanaokufa. Wengine hujikunyata. Huacha kula, huacha kuzaana, wakalala. Ukiwachukua katika hali hiyo ukawapanda moja kwa moja kwenye sahani ya maabara yenye dawa kali ya kuzuia vijidudu vingine, hawaoti, na wewe utaandika kwamba hawapo. Lakini wapo. Wakifika katika tumbo la mtu, penye joto na chakula, wanaamka. Kwa hiyo yeye aliwaweka kwanza siku nzima katika mchuzi mwepesi wa maabara usio na dawa, wapate nguvu, ndipo awapande kwenye sahani. “Mgonjwa humpi nyama siku ya kwanza,” alikuwa akisema. “Unampa uji.” Pale kiwandani siku hiyo iliitwa siku ya uji.

Aliwahi kualikwa kuzungumza katika shule moja ya Mpumudde. Baada ya maelezo marefu, mwalimu mmoja alinyanyua mkono akauliza, “Sasa daktari, mtu wa kawaida atajuaje kama maziwa yake ni salama?”

“Mimi si daktari,” alisema. “Na hatajua. Achemshe.”

Kwa sababu ya sahani hizohizo alimpata mume. Bwana Bramwel Ouma, mzaliwa wa Busia upande wa Kenya, alikuwa dereva wa lori lililoleta pakiti za plastiki kiwandani. Mwaka 1998, akisubiri kupakuliwa mzigo, alichungulia dirisha la maabara.

“Dada, hizo sahani tupu unazitazamia nini?”

“Natazama kama kuna mtu ameamka.”

“Na asipoamka?”

“Nangoja.”

“Hata mimi kungoja naweza,” alisema Bwana Bramwel, na alingoja miezi kumi na mmoja. Kwa kuwa yeye hakujua Lumasaba, lugha ya kwao Mbale, na Namono hakujua lugha ya Busia, mapenzi yao yote yalikuwa ya Kiswahili. Mwalimu Mafabi, aliyewahi kusumbuliwa kwa Kiswahili na wanajeshi katika miaka ya utawala wao, hakuifurahia habari hiyo. Siku ya utambulisho, mahari ilipoletwa, aliwaambia wageni, “Lugha ya askari imepita mlango wangu wa mbele, na safari hii imeleta mbuzi.” Watu walicheka, na mbuzi wakapokelewa. Bwana Bramwel na Namono walifunga ndoa kanisani Mbale, Jumamosi tarehe 18 Desemba 1999, na Mungu akawajalia watoto watatu.

Familia imekubaliana kwamba habari ya mwaka 2012 isomwe leo. Marehemu aliomba hivyo, na dada yetu Metrine ameridhia.

Jumatatu tarehe 6 Agosti 2012 umeme ulikatika kiwandani wakati maziwa yakiwa yanachemshwa. Ulirudi baada ya dakika chache na kazi ikaendelea. Ulikuwa msimu wa imbalu, vijana wa Mbale wakitahiriwa, na wafanyabiashara wa Nakaloke walikuwa wameagiza maziwa mengi ya sherehe. Meneja, Bwana Wanyera, alikuja maabara akamkuta Namono ameshika chupa ya mchuzi.

“Afande, lori iko tayari. Watu ya Nakaloke nangoja. Wewe bado napika uji?”

“Siku moja tu, bwana.”

“Siku moja? Hao vijana watakuwa wamepona, wameoa.”

Wafanyakazi walicheka, na Namono naye alicheka. Kisha akaiweka chini ile chupa, akapanda maziwa moja kwa moja kwenye sahani ya dawa kali. Kesho yake usiku sahani zilikuwa safi. Aliandika kwamba hakuna kitu, akatia sahihi, na lori likaondoka. Dereva alikuwa Bwana Bramwel, ambaye wakati huo aliendesha lori la kiwanda. Ndani ya lori mlikuwa na pakiti kumi na mbili ambazo Namono mwenyewe alimpelekea mdogo wake Metrine, aliyekuwa ameolewa Nakaloke na alikuwa mjamzito wa miezi sita. Metrine alipenda maziwa ya baridi.

Jumapili tarehe 2 Septemba, baada ya homa ya siku chache, Metrine alijifungua kabla ya wakati mtoto wa kike ambaye hakuwa hai. Hospitali haikupima chanzo. Watu wengine tisa wa Nakaloke waliugua homa mwezi ule, wakapona.

Namono alikuwa na desturi ya kubakiza chupa moja ya kila mpiko kwenye friji kwa siku thelathini. Aliporudi kutoka kumpa pole mdogo wake, aliitoa chupa ya tarehe 6 Agosti. Safari hii aliifanyia siku ya uji. Siku ya tatu sahani ilikuwa imejaa.

“Andika hakuna,” Bwana Wanyera alimwambia. “Maziwa ilishanywewa. Utasaidia nani?”

Aliandika alichokiona. Kwa kumtendea haki Bwana Wanyera, ambaye yupo nasi hapa, tangu mwezi ule hakuna lori lililotoka kabla ya siku ya uji na siku za sahani kutimia, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akilizuia getini.

Jumamosi tarehe 15 Septemba Namono alipanda gari hadi Nakaloke akiwa na daftari la maabara. Alimkuta Metrine uani akimenya ndizi. Alimweleza yote, kuanzia umeme hadi sahani ya pili. Alisema kwamba hakuna awezaye kuapa kuwa ni maziwa yale, na kwamba yeye anaamini ni yale.

“Kuna mtu alikuuliza?” Metrine alisema.

“Hapana.”

“Sasa kwa nini umekuja kuniambia?”

“Kwa sababu mimi ndiye niliyepima.”

Metrine aliendelea kumenya mpaka beseni likajaa. Kisha akasimama. “Asante kwa kuja, Mama Sheryl,” alisema, akaingia ndani.

Tangu utoto wake Metrine alikuwa akimwita dada. Kuanzia siku ile alimwita Mama Sheryl, kwa jina la mtoto wake, kama wanavyomwita majirani. Walisalimiana misibani na arusini. Walipeana mikono na kuulizana habari za watoto. Ilikuwa hivyo kwa miaka kumi na miwili na zaidi. Mwaka 2016 Bwana Bramwel alipotaka kujenga, yeye alipendelea Tororo, karibu na barabara ya malori. Namono alisema Nakaloke. Alichagua kiwanja hiki tunaposimama, na kutoka barazani unaliona lango la Metrine. Kila likizo alikaa hapo barazani. Bwana Bramwel alipomuuliza mara moja anatazama nini, alijibu, “Unajua.”

Februari mwaka huu, 2025, alianza kukonda na macho yakawa ya njano. Madaktari walimkuta na saratani ya ini iliyokwisha kuenea. Alifanya kazi hadi tarehe 30 Mei. Siku hiyo alimkabidhi funguo za maabara Bwana Yakub, mwanafunzi wake wa kazi kwa miaka tisa, akarudi Nakaloke. Hakulalamika. Alipenda mapazia yafunguliwe. Kufikia mwisho wa Juni hakuweza kula chochote kigumu, na chakula alichopelekewa kilirudi jikoni kama kilivyokwenda.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 1 Julai Metrine alivuka barabara na chupa ya chai yenye uji wa ulezi. Hakuitwa na mtu. Aliingia chumbani, akavuta kiti, akamimina kikombe nusu.

“Kunywa.”

Namono alikitazama kikombe. “Umetia maziwa?”

“Nimetia.”

“Umeyachemsha?”

“Nimeyachemsha.”

“Mara ngapi?”

“Dada,” Metrine alisema. “Kunywa.”

Alikunywa. Siku iliyofuata Metrine alirudi, na siku iliyofuata pia. Alikuja kila asubuhi kwa siku mia moja na nane. Habari ya mwaka 2012 hawakuigusa tena. Watoto waliokuwa wakipita mlangoni waliwasikia wakibishana kuhusu sukari, kuhusu nani alivunja chungu cha mama yao mwaka 1986, na mara moja waliwasikia wakicheka, wakasimama wasijue kama waingie.

Wiki ya mwisho marehemu alikuwa akilala sana. Wiki hiyo ndipo alipoomba karatasi hii iandikwe, na isiache kitu. Alhamisi tarehe 16 Oktoba 2025, saa mbili na robo asubuhi, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Metrine alikuwa ameshika kikombe. Alikaa nacho mpaka uji ukapoa, kisha akakiosha, akakiweka pale kinapokaa siku zote. Familia haina mengi ya kusema kuhusu siku mbili hizi zilizopita. Hema limefungwa, viti vimefika, jeneza limetoka Mbale kwa wakati.

Ameacha mume, Bwana Bramwel Ouma, watoto watatu, Sheryl, Docus na Okoth, mjukuu mmoja, na ndugu wanne, akiwemo mdogo wake Metrine.

Maziwa ya chai mtakayokunywa baada ya mazishi yamechemshwa na Metrine. Ameyachemsha mara mbili. Bwana Yakub ameomba tumwie radhi, kwa kuwa ataondoka mara tu udongo utakaporudishwa. Jana ilikuwa siku ya uji huko Jinja, na usiku huu ana sahani za kupanda.

Mwenyezi Mungu ampokee Namono na kumpa pumziko la amani. Kazi ameiacha mikononi mwa anayengoja.