Kiguu na Njia Aliyeshindwa na Kizingiti

Mama yetu mpendwa alizaliwa tarehe 9 Juni 1961, mtoto wa nne wa fundi seremala na mkunga wa zahanati. Tangu alipojua kutembea, hakutulia nyumbani. Ukimtuma chumvi dukani, alirudi na chumvi, habari za mtaa mzima, na mtoto wa watu aliyemkokota waje wacheze. Bibi yake ndiye aliyembandika jina la Kiguu na Njia, na wengi mliopo hapa hamkumjua kwa jina jingine.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha chuo cha ufundi, alikohitimu ushonaji mwaka 1980. Mwaka uliofuata aliajiriwa katika kiwanda cha sare za shule, akapanda hadi kuwa msimamizi wa chumba cha kukatia vitambaa. Wenzake walisema mkasi wake ulikuwa mkali, na mdomo wake nao haukuwa butu.

Mwaka 1984 alifunga ndoa na fundi wa majokofu aliyeitwa kiwandani kutengeneza friji ya kantini. Baba husimulia kwamba friji ilipona siku ileile, ila yeye aliendelea kuja kuikagua. Walijaliwa watoto watatu.

Mwezi Agosti 1996, waya ulishika moto katika chumba cha kukatia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje, kama ulivyofungwa kila zamu. Moshi ukajaa, watu wakasukumana gizani mpaka mlinzi alipopata ufunguo. Hakuna aliyekufa. Mama alitoka na mchubuko wa kiwiko tu, tukashukuru, tukadhani yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Aliacha kupanda basi lililojaa, kisha basi lolote, kisha akaacha kwenda sokoni. Kila alipojaribu, moyo ulimwenda mbio, mikono ikafa ganzi, pumzi zikambana, akaamini anakufa palepale. Akaacha kazi. Kufikia mwaka 1999 hakuvuka tena kizingiti cha mlango wa mbele. Wapo waliosema anaringa, wapo waliosema amerogwa. Alipika, alifua, alishona na kutukaripia, yote ndani ya vyumba viwili na ua wa nyuma.

Binti yake mkubwa, ndiye mimi ninayewasomea, aliolewa Desemba 2003. Gauni la bibi harusi alilishona mama kwa mkono wake. Asubuhi ile alivaa, akajipulizia manukato, akafika mlangoni na kushika fremu. Gari lilikuwa linanguruma nje.

"Tangulieni," alisema. "Nakuja na baba yenu."

Hakuja. Baba naye alibaki kumshika mkono.

Baada ya harusi, shemeji wa mama alimleta mshauri nasaha. Mshauri huyo alimsikiliza kwa miezi, naye mama alilia mpaka akapata wepesi kidogo, lakini mlango haukuvukika. Mshauri alisema bila kuficha: "Msiba, ndoa, mambo ya kazini, hayo nayaweza. Huu ni ugonjwa, una watu waliosomea kuutibu." Akamwita muuguzi wa afya ya akili.

"Mmeniletea daktari wa vichaa?" mama aliwaka. "Mmeniona naokota makopo?"

Muuguzi alicheka. "Mama, mimi si daktari, na wewe si kichaa. Kazi yangu ni kukuangalia, kukufikisha kwa anayehusika, na kuja kukusumbua usipomeza dawa."

Aliyehusika alikuwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili, aliyekubali kuja nyumbani. Alimpima damu, akasikiliza moyo, ndipo akaandika dawa. Mapigo yakatulia, usingizi ukarudi. Lakini mama hakuridhika. "Dawa nameza, mlango bado unanishinda."

"Dawa ni upande wangu," alijibu daktari. "Kujizoesha kutoka ni kazi ya mwanasaikolojia tiba. Huyo hatakuandikia hata kidonge. Atakupa mazoezi, na utamchukia."

Kweli alimchukia. Mwanasaikolojia huyo alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole na shingo ngumu. Alikaa na mama kizingitini, leo mguu mmoja nje, wiki nyingine miwili. Mama alipotaka kukimbilia ndani, alimwambia, "Tusiikimbie hofu, mama. Tuiache ichoke yenyewe." Wakati huohuo, ofisa ustawi wa jamii alizungumza na kiwanda, mama akaanza kuletewa kazi ya kushonea nyumbani.

Haikuwa njia iliyonyooka. Alifika getini, akarudi nyuma mwaka mzima, akaanza upya. Mei 2007 alitembea mpaka nyumbani kwangu, akaketi karibu na mlango ulio wazi, akampakata mjukuu.

"Nimemwona," alisema. "Sasa nirudisheni kabla sijazimia."

Tulicheka, tukamrudisha. Mpaka alipougua, hakwenda mbali zaidi ya hapo. Soko hakuliona tena. Ila majirani walianza kumfuata yeye. Mwenye kijana anayesikia sauti zisizo na watu aliambiwa, "Daktari bingwa, leo hii." Aliyefiwa na kukosa raha alielekezwa kwa mshauri. Aliwasindikiza kwa macho mpaka wakakata kona.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 kichwa kilianza kumuuma. Tulimpeleka hospitali kwa gari, amefumba macho njia nzima, nako wakataka picha ya mashine ile ya kuingizwa kama ndani ya bomba. Mara mbili alipiga kelele, akatolewa. Ilibidi mwanasaikolojia wa hospitali amzoeshe kwa miezi, na hatimaye aliingia, baba akimshika unyayo. Picha ikapatikana. Ulikuwa uvimbe wa ubongo, umeshapita hatua ya kufanyiwa upasuaji.

Wodini, kwenye kitanda cha jirani, alilazwa mama mmoja aliyeacha kusema na kula. Mumewe alinong'ona na ndugu zake kwamba heri wamrudishe nyumbani, wamfungie chumbani, aibu isienee. Mama yetu, ambaye maneno yalikuwa yanampotea, aligeuza kichwa.

"Usimfungie," alisema. "Mpeleke."

Hatukumsikia akisema jambo lingine lililoeleweka. Alifariki tarehe 17 Februari 2024, alasiri, baba akiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto watatu, wakwe wawili, wajukuu watano, dada mmoja, na mama yule wa kitanda cha jirani, ambaye anaendelea na matibabu na ametuma salamu.

Mama yetu apumzike kwa amani, pahali penye nafasi.