Dresa Rafaeli na Vinywa vya Kigombe

Mheshimiwa Liwali, Shekhe Hamed kadhi wetu, Bwana Daktari Mkuu wa hospitali, wazee wangu wa Ngamiani, nanyi mliopanda basi tangu alfajiri kutoka Kigombe, mama zangu, ndugu zangu na wageni wote: assalaam alaykum, na kwa walio wakubwa zangu, shikamooni.

Najua lipo swali linazunguka humu ukumbini. Mwanasiti binti Idarusi, muuza tambuu, imekuwaje akapewa nafasi ya kumuaga Dresa Rafaeli, msaidizi wa daktari anayemaliza kazi leo, mtu aliyeshinda miaka ishirini na sita akiwakataza watu tumbaku, hata ile ya ndani ya tambuu? Nawajibuni: aliniomba mwenyewe. Alisema wengine watamsifu, mimi nitasema kweli. Basi na astahimili.

Mbondei huyu alipoletwa hapa mjini kung'oa meno, nilimchukia. Nasema wazi, mbele yake na mbele ya mkewe Bi Ruthi. Mteja wangu akienda kutolewa jino anarudi na mawaidha: punguza tumbaku, usilale nayo kinywani, ukiona kidonda njoo. Nami nikisema, mtu wa bara atajua nini habari za tambuu? Tambuu ndiyo heshima ya mgeni, tambuu ndiyo harufu ya bibi arusi, na nyumba isiyo na sinia la tambuu si nyumba, ni banda. Nani kati yenu, mama zangu, hakusema hivyo? Tulisema wote, tena tukiwa tumejaza mashavu.

Mwaka wa hamsini na nne bahari ikaanza kuyala makaburi ya kale ya Kigombe, hata mifupa ikawa inaonekana maji yakitoka. Shekhe Hamed akatoa ruhusa ihamishwe juu kwa adabu na ifungwe bafta mpya ya sanda, wanaume wafungwe na wanaume, wanawake na wanawake. Lakini kaburi limekwisha bomoka, jina halipo, nani atajua yupi ni yupi? Wazee wakakaa, wakapata shauri. Wanawake hutafuna tambuu, wanaume huvuta kiko, tutazame meno. Na kwa vinywa, nani wa kumshinda Mwanasiti? Wakaniita.

Kazi nikaifanya kwa majivuno, Mungu anisamehe. Meno yaliyogeuka rangi, mekundu ya kukolea hata kuwa meusi, niliweka kwa akina mama. Meno yenye pengo la mviringo, pale mrija wa kiko ulipokaa miaka na miaka, niliweka kwa akina baba, na wasio na alama kando. Siku ya pili akaja Rafaeli. Shekhe alikuwa amempa siku tatu za kutazama mifupa, kwa sharti asiondoke na kitu. Akapita kwenye safu zangu akitazama mifupa ya nyonga, ndiyo inayotenganisha mke na mume, akacheka kwa pua, mnamjua anavyocheka, akasema, "Bi Mwanasiti, katika akina mama zako hawa saba, watano ni wanaume."

Na mwenye pengo kubwa kuliko wote la kiko alikuwa bibi kizee. Jumbe Mwinyijuma, mkubwa wa kijiji, ambaye alikuwa amekwisha kumfunga kwa mikono yake mwenyewe akidhani ni mwanamume, akaketi mchangani akaomba toba. Mnacheka leo, Jumbe naye anacheka, lakini siku ile hakuna aliyethubutu. Kumbe wale wa kale walitafuna na kuvuta, wake kwa waume, na desturi tunayoapia kwamba haijabadilika tangu dunia kuumbwa tumeigawa sisi wenyewe juzi juzi tu. Bafta zikafunguliwa, tukaanza upya.

Sasa nawauliza, mtu mwenye akili asingerudi nyumbani hapo na aibu yake? Mimi nilibaki ili nigombane, kwa kuwa alisema vinywa vile viliharibiwa na tumbaku. Nikamwambia umati huu umekufa kwa ndui, kwa homa, kwa uzee, na mifupa haina ulimi wa kujitetea, usiisingizie tumbaku. Hakukasirika. Akanionyesha daftari lake. Vichwa vilikuwa thelathini na kimoja, na kila kimoja alikiandika: rangi ya meno, pengo, mahali fizi zilipokimbia hata mfupa ukalika. Kumi na tisa walikuwa na alama ya tumbaku, na karibu wote hao vinywa vyao vilikuwa vimeharibika vibaya. Kati ya wasio na alama, walioharibika ni wachache tu. Wala hakujigamba. Alisema popoo na chokaa navyo vilikuwamo ndani ya tambuu, na mfupa mmoja si ushahidi, ndiyo maana anahesabu.

Kisha akaniuliza, mimi niuzaye, watu huibana tambuu upande gani. Nikamjibu kila mtu na upande wake, hauhami mpaka anakufa. Akaniletea taya moja, la mwanamke wa makamo. Upande wa kulia lilikuwa zima. Upande wa kushoto lilikuwa na tundu la kuingia kidole gumba, kingo zake zimechakaa. Akasema kwa sauti ya chini, "Huyu aliliwa mfupa akiwa hai."

Ndugu zangu, nililitua lile taya. Sikumfikiria yule marehemu. Nilimfikiria mdogo wangu Kijakazi, ambaye kwa miezi alikuwa akichovya mkate kwenye chai na kuutafuna upande mmoja, nikimuuliza ananiambia ni jino. Nilitoka makaburini hata mikono sijanawa sawasawa, nikapanda basi, nikamkuta Ngamiani uani kwake, nikamwambia fungua kinywa. Akakataa. Nikamshika, nikalia, akafungua. Kidonda kilikuwa kushoto.

Nikamuuliza kwa nini amenificha. Akanijibu, "Dada, tambuu yangu ya kwanza ulinifungia wewe, siku ya arusi yangu. Ningesemaje mbele ya wateja wako?"

Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Mdogo wangu alikubali kufa polepole ili biashara yangu isitiwe doa. Rafaeli hakuniambia "nilikwambia." Alimpeleka kwa Bwana Daktari siku ile ile, akasafiri nasi mpaka Dar es Salaam kwa likizo yake mwenyewe, akakaa nje ya chumba cha upasuaji pamoja nami, Mkristo na rozari yake, mimi na tasbihi yangu. Wakakata kipande cha taya. Mimi niliporudi niliuza mizani na kopo la tumbaku, na sasa nauza vitumbua. Anayesema Mwanasiti amefilisika, na aseme.

Dresa Rafaeli, wakubwa wamekupa saa na barua nzuri, nami sina cha kushindana nao. Kijakazi hajaonekana arusini wala matangani miaka mitatu sasa, kwa kuona haya. Lakini yumo humu, safu ya tatu, ndani ya buibui, na asubuhi aliniambia hawezi kumuaga mtu kama wewe akiwa amejifunika uso.

Simama, mdogo wangu. Funua. Mtazameni vizuri, mama zangu mnaowaoza mabinti mwezi huu: shavu limeingia ndani, na yu hai.

Ahsante, Dresa. Nanyi nyote ahsanteni kwa kunipa masikio yenu.