Abrahamu Kalinga, Aliyepiga Piano Mkamwana Apite

“Mama Edmund, jeneza lifungwe. Kwetu Unyakyusa mkamwana hamwoni baba mkwe.”

“Esta, huyu si baba mkwe tena. Ni maiti.”

“Haya, aliacha kuwa baba mkwe saa ngapi?”

Mjane Rozalia aliwageukia wazee. Tusekile, mke wa mwanawe Edmund, alikuwa ameomba jambo moja: auone uso wa marehemu kabla hajazikwa. Esta, shangazi yake Tusekile, alikataa, na wazee waliokuwapo hawakujua mila hiyo huishia wapi.

Marehemu Abrahamu Kalinga alizaliwa karibu na Iringa tarehe 12 Machi 1899. Dada zake wanasema ni 1901, na wote wameapa. Alisoma misheni miaka minne. Huko bibi mmoja wa Kijerumani alimfundisha piano, zile nyimbo ndefu za Kizungu zisizo na maneno wala pa kuitikia.

Alimwoa Rozalia tarehe 3 Mei 1924. Mwaka 1936 akaenda Makongolosi kupiga piano kwenye klabu ya wachimba dhahabu. Jua la kukaanga mayai, yeye na koti zito na glavu! Alikalia kigoda kifupi, kidevu kikikaribia vibonye, akiguna kama anayebishana na piano. Kuku akimtazama, aliacha kupiga. Siku moja simba alisikiliza mlangoni mpaka mwisho, akaenda zake bila kula mtu. Waliokuwapo wako hai, waulizeni.

Klabu ilipofungwa alipewa piano ile, akahamia nayo Mbeya kwa lori. Mwaka 1949 Edmund akamwoa Tusekile, ambaye kwa mila ya kwao alijificha kila baba mkwe alipotokea. Abrahamu, mtu wa Iringa, hakuielewa mila hiyo hata kidogo. Alichoelewa ni kwamba akipiga piano, binti anajua mzee yuko kwenye kigoda, naye anapita atakako. Basi alipiga asubuhi binti akateke maji, akapiga jioni apike. Majirani walidhani ana wazimu.

Machi 1957 aliugua kifua, vidole vikavimba. Akapiga kwa kidole kimoja.

Alifariki Jumapili tarehe 9 Juni, saa nne asubuhi, kichwa juu ya piano. Tusekile alikuwa anatoka kisimani. Aliposikia kimya alijificha migombani, akakaa humo hadi alasiri akingoja mzee apite.

Ameacha mjane, mwana mmoja, mkamwana na wajukuu wanne. Mikono yake na ipumzike, maana haikupumzika.

“Hata hivyo,” Esta alikuwa bado anasema kando ya jeneza, “baba mkwe ni baba mkwe hata kabu…”

Tusekile aliingia kwa mlango wa mbele, wa upande wa piano, ambao kwa miaka minane hakuupita. Kichwa chake kilikuwa wazi, bila kanga ya kujifichia. Rozalia alisogea akampisha penye jeneza.