Dinah Kerubo Anaondoka Mlangoni, Kamera Isirudi

Ndugu zangu wasomaji wa jarida letu la wafanyakazi Wakenya huku ughaibuni, nawasalimu katika jina la Bwana. Hamjambo? Mafua yamewaacha? Sisi huku ukumbini tu wazima, ila mioyo imelegea kidogo. Dada Dinah Kerubo anastaafu Ijumaa, tarehe 29 Mei, baada ya miaka ishirini na minne kwenye mapokezi ya ukumbi wa jamii wa mji wetu.

Wakati wa baridi, tukiingia tumejifunika skafu mpaka puani, alitujua kwa mwendo. "Griffins, pangusa viatu! Hapa si zizi la babako!" Na Griffins, fundi wetu wa umeme, jitu zima, alirudi nje kupangusa.

Halafu polisi wa mji wakaweka mlangoni kamera ya majaribio, ile inayosoma uso na kumtaja mwenyewe. Wengine wetu tuliifurahia, tukasema usalama umefika. Jioni moja tukakusanyika kwa maombi na mchango wa kumsafirisha marehemu babake Natasha akazikwe Kisii. Natasha, nesi katika mji wa Saint Louis Park, alipoingia tu, kamera ikamtaja kuwa mwizi wa madukani. Polisi wakamtoa nje. Dinah akawafuata: "Huyu ni mfiwa! Namjua!" Wakajibu kwamba mashine haikosei. Walipotambua kosa lao na kumwachilia, maombi ya babake yalikuwa yamekwisha.

Tangu hapo Dinah hakutulia. Alitaka baraza la mji lipige marufuku kamera hizo katika kila jengo la umma. Msimamizi wa ukumbi akamwonya kwa upole kwamba kustaafu kumekaribia, asijiharibie. Hata mimi nilimwambia, "Dada, fikiria pensheni."

Akacheka. "Lois, mbinguni sitaulizwa pensheni. Nitaulizwa Natasha alipelekwa wapi."

Akaomba siku ya mapumziko, akavua beji, akaenda barazani kama mkazi wa kawaida. Kura ya kwanza tukashindwa. Akarudi na kina mama wa kanisa, vitenge juu ya makoti, chai kwenye chupa, na safari hii Natasha mwenyewe akasimama akasimulia. Marufuku ikapita kwa kura moja! Dinah akapiga magoti papo hapo kushukuru. Karani akadhani ameanguka, akaita ambulensi. Wakampima presha katikati ya maombi. Ilikuwa nzuri kuliko yetu sote.

Sasa baadhi ya madiwani wanataka kuifuta marufuku hiyo. Dinah amesema atakwenda kuitetea, astaafu asistaafu, lakini ilipita kwa kura moja tu, na sauti yake peke yake haitoshi.

Dada Dinah, asante kwa kutusimamia. Mungu akujalie siku nyingi, afya, na usingizi wa asubuhi usiokatizwa na kengele.

Nanyi wenzangu, kikao cha baraza ni Jumatatu, tarehe 15 Juni, saa moja jioni. Nani atakuja kuzungumza pamoja naye? Tafadhali nijibuni wiki hii.